Ukuta Ulioanguka
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za maisha yangu na mafunzo niliyoyapata. Nalimjibu kwamba kijana wa umri wangu hana maisha ya kuandikwa gazetini, maana sijasafiri mbali, sijapata cheo, wala sijafanya jambo ambalo mtu angependa kulisoma. Akacheka, akasema, "Basi andika habari za siku uliyoanguka." Nalinyamaza kidogo, kwa kuwa siku hizo ni mbili, na zote nazikumbuka kuliko ningependa. Ndizo nitakazozisimulia hapa, na jinsi sisi wa nyumbani kwetu tulivyoinuka kwa imani yetu ya Kikristo. Wenzangu ambao si Wakristo nawaomba wasome kwa uvumilivu. Huenda wakakuta humu jambo wanalolijua.

Kwetu ni Mkoa wa Kagera, Wilaya ya Missenyi, kaskazini ya mto Kagera, si mbali na mpaka wa Uganda. Watu wa kwetu ni wakulima wa ndizi na kahawa, na nyumba zimejificha ndani ya migomba, hata mgeni apitaye njiani aweza asijue kuna kijiji mpaka asikie sauti za watoto au aone moshi wa jikoni. Baba yangu analima kama wengine, lakini kazi yake hasa ni uashi. Nyumba nyingi za kijijini kwetu zimepitia mikononi mwake.

Nyumba yetu aliijenga yeye mwenyewe kwa muda wa miaka sita. Kahawa ikiuzwa, anaongeza matofali. Bei ya kahawa ikianguka, ujenzi unasimama. Matofali alifyatua na kuchoma kwa mikono yake. Saruji haikutosha, kwa hiyo aliunganisha matofali kwa udongo, kisha akapiga lipu ya saruji kwa nje, na nyumba ikang'aa kama ya mtu mwenye uwezo. Juu ya milango na madirisha aliweka mbao. Lenta, yaani ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote pamoja, hakuuweka, maana nondo zilikuwa ghali. Wasomaji wayashike maneno haya, maana ndiyo yaliyokuja kumtesa Baba baadaye.

Baba alikuwa pia mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa Kilutheri. Jumapili alipokea sadaka, na katika kwaya sauti yake ya besi ilisikika mpaka barabarani. Mimi naliona fahari kuitwa mtoto wake.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri. Nalikuwa Darasa la Nne. Twalikuwa uani, mimi na Bibi, tukigeuza kahawa iliyoanikwa mkekani. Nalisikia mngurumo, nikadhani ni lori kubwa linapanda kilima. Kisha kuku wakaruka wote kwa pamoja, na buni zikaanza kuchezacheza juu ya mkeka kama mbegu katika ungo. Bibi alinishika mkono akanivuta chini, nikalala kifudifudi. Ardhi ilikwenda huku na huku chini ya tumbo langu. Haikuchukua muda mrefu. Nilipoinua kichwa sikuiona nyumba kwa sababu ya vumbi, na vumbi lilipotulia naliona bati zimeinama upande mmoja na ukuta wa chumba cha kulala umelala chini.

Ndani ya chumba kile alikuwamo mdogo wangu wa kike, mtoto wa miaka minne, amelazwa usingizi wa mchana.

Baba alitoka migombani mbio. Hakuita jembe wala koleo. Alifukua kwa mikono, akitupa matofali nyuma yake, na majirani wakaja wakafukua pamoja naye. Walimtoa mdogo wangu yu hai. Kitanda kilikuwa kimezuia sehemu ya ukuta isimfikie kichwani, lakini mguu wake wa kuume ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mama alipanda pikipiki amempakata, wakaenda hospitali, nasi tuliobaki tukalala nje usiku ule chini ya migomba, maana ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo na hakuna aliyethubutu kuingia ndani.

Siku zilizofuata twalipata habari za mahali pengine. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9. Katika mkoa wetu walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda na kujengwa upya. Leo nimesoma katika Jiografia kwamba nchi yetu ya Kagera iko karibu na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ardhi inapasuka na kuachana polepole sana, na kwamba mkazo ukizidi katika miamba ya chini, miamba huteleza ghafla na kutikisa nchi. Nalifurahi kuyajua hayo. Lakini mwaka ule hatukuwa na maarifa hayo, na hata tungalikuwa nayo, sidhani kama yangalimsaidia Baba.

Baba alisema neno moja tu, naye alilirudia kwa siku nyingi: "Mimi ndiye niliyeujenga."

Basi aliuweka mwiko wake na timazi yake katika kiroba, akakifunga kamba, akakitundika mtini. Watu walimjia wakisema, "Fundi, nyumba yangu imepasuka, njoo uitazame." Akawajibu, "Tafuteni fundi mwingine. Mimi si fundi." Kanisani hakwenda tena. Jumapili ya kwanza alisema amechoka. Ya pili alisema hana nguo safi. Ya tatu hakusema kitu. Nalimsikia usiku mmoja akimwambia Mama kwamba hataingia tena katika mlango wa kanisa, kwa kuwa hajui atamtazamaje Mungu, wala hajui Mungu atamtazamaje yeye.

Watu wengi walikuja kutufariji, na wote walikuja kwa nia njema. Mmoja alimwambia Baba ashukuru, maana wengine wamezika. Mwingine alimwambia kwamba Mungu humjaribu ampendaye. Wa tatu, mzee wa heshima zake, alimwuliza polepole kama kuna jambo amelificha moyoni ambalo lingefaa litubiwe. Baba aliwasikiliza wote, akawasindikiza mpaka njiani kama ilivyo desturi, kisha akarudi kukaa gizani. Katika Kitabu cha Ayubu tunasoma kwamba rafiki zake watatu walipomwona amefilisika na kujaa majipu, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mimi naona walifanya vema siku hizo saba. Walikosea siku walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu.

Lakini walikuwako wengine waliokuja bila maelezo. Hao walikuwa akina mama wa mtaa wetu. Walikuja kwa zamu, huyu na mkungu wa ndizi, huyu na maharage, huyu na kuni. Jiko letu lilikuwa limebomoka, basi waliweka mafiga matatu nje, wakapika, wakatupakulia, wakaosha vyombo, wakaenda zao. Wengine wao nyumba zao pia zilikuwa zimepasuka. Nalimwuliza Bibi kwa nini hawakai wakaomba pamoja nasi kama wengine. Bibi akanijibu, "Mjukuu wangu, hayo ndiyo maombi. Kula."

Bibi yangu ana haki ya kusema hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia nchi yetu mpaka mtoni, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Bibi wakati ule alikuwa mama kijana. Alikimbia na watoto wake kuelekea kusini, akaacha kila kitu. Aliporudi mwaka 1979, baada ya majeshi yetu kuwafukuza adui, alikuta nyumba haina bati wala mlango, na shamba la migomba limefyekwa. Alinisimulia maneno haya siku ile tukila kando ya mafiga:

"Nalikaa chini nikalia. Nikamwomba Mungu anirudishie vitu vyangu. Hakunirudishia hata kijiko. Lakini jioni ile mwanamke nisiyemjua alinipa viazi viwili vya moto, nikawagawia wanangu. Asubuhi nikaenda shambani kutazama uharibifu, nikaona mgomba uliokatwa umetoa chipukizi pembeni ya shina. Nikasema, ikiwa huyu hajafa, na mimi nitafute jembe. Basi ndivyo nilivyojibiwa."

Kila mkulima wa kwetu anajua kwamba mgomba ukikatwa haukomi. Uhai wake uko chini, na chipukizi hutokea kando, si pale pale pa zamani. Nalikuwa nimeliona jambo hilo tangu utoto wangu bila kulifikiri.

Bibi alikuwa pia na desturi ya kumtaja Askofu Josiah Kibira, ambaye watu wa kwetu wa umri wake wanamkumbuka sana. Alizaliwa Bukoba mwaka 1925, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Mwaka uliofuata vita viliingia mkoani kwake. Baadaye akapatwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao hutetemesha viungo na kuvikaza, na mwaka 1988 akafariki dunia. Nilipokuwa mdogo nalidhani Bibi anamtaja kwa ajili ya cheo chake kikubwa. Kumbe alimtaja kwa ajili ya ugonjwa ule. Alikuwa akisema, "Mtu aliyeongoza makanisa ya dunia nzima, naye alipatwa. Basi usidhani kupatwa ni kutupwa."

Sasa nirudi kwa Baba. Krismasi ya mwaka ule ilipofika, mdogo wangu alikuwa amefunguliwa plasta, lakini hajaweza kukanyaga vizuri. Alikuwa amesikia kwamba watoto watapewa pipi, na kwamba kutakuwa na igizo la wachungaji na malaika. Alilia tangu alfajiri akitaka kwenda. Mama alikuwa na homa, Bibi hana nguvu za kumbeba, na mimi nalikuwa mdogo. Baba alizunguka uani mara tatu au nne. Mwishowe akachuchumaa, akamwambia, "Panda." Mtoto akapanda mgongoni. Baba akatuambia kwamba atamfikisha mlangoni tu, kisha ataketi barabarani mpaka ibada iishe.

Lakini kanisa letu lilikuwa limepasuka ukuta wa mbele, na mwinjilisti alikuwa amekataza watu kuingia. Ibada ilikuwa nje, chini ya miti, na watu wameketi juu ya magogo na mikeka. Baba alifika akiwa amembeba mtoto, akatafuta mlango wa kusimama asiingie, na mlango haukuwapo. Alikuwa tayari yumo katikati ya watu. Mtu mmoja alisogea akampa nafasi kwenye gogo, naye akakaa. Mpaka leo tukimkumbusha habari hiyo anacheka, akisema kwamba Mungu alibomoa kanisa zima ili kumwondolea yeye mlango.

Ibada ilipokwisha mwinjilisti alimjia. Nalikuwa karibu, moyo ukinidunda, maana nalidhani atamwuliza, "Mzee, miezi mitatu umepotelea wapi?" Hakumwuliza. Alimsalimu, akamtazama mtoto, kisha akasema, "Fundi, ule ukuta wa mbele tuubomoe, au wafaa kutengenezwa?"

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akampa mtoto mtu mwingine amshike, akaenda kuutazama ukuta. Alipapasa nyufa, akagonga gonga kwa jiwe, akainama kutazama msingi. Akarudi akasema, "Msingi ni mzima. Ukuta ubomolewe mpaka chini ya dirisha. Tena safari hii hatujengi bila lenta, hata ikichukua miaka miwili."

Jioni ile alikishusha kiroba mtini. Ukuta wa kanisa ulikuwa kazi yake ya kwanza, na nyumba yetu ikawa ya tatu, maana alianza na ya mjane mmoja. Kila alipojenga tangu siku hiyo alidai lenta, na mwenye nyumba akisema hana fedha ya nondo, Baba alimwambia asubiri msimu mwingine wa kahawa. Alipoteza kazi kadhaa kwa sababu hiyo, wala hakujuta.

Hiyo ndiyo habari ya kuanguka kwa kwanza. Ya pili ni yangu mwenyewe, na hapa hapana tetemeko la kulaumu.

Nilipoingia sekondari nalikuwa na kichwa chepesi, watu walinisifu, nami nikaziamini sifa zao. Kidato cha Kwanza nalipita kwa maarifa ya zamani. Kidato cha Pili nikaanza kunakili hesabu za wenzangu asubuhi kabla mwalimu hajaingia, na jioni, wengine wakisoma, mimi nikisimulia hadithi bwenini. Matokeo ya mtihani wa upimaji yalipotoka nalikuwa nyumbani likizo. Jina langu lilikuwa miongoni mwa wale waliotakiwa kurudia darasa. Binamu yangu ndiye aliyeyaona kwenye simu yake, na kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Nalikataa chakula cha usiku, nikasema naumwa kichwa. Ndani ya moyo wangu nalikuwa nimeamua kuondoka. Nalitaka kwenda visiwani ziwani nikavue dagaa, nisirudi mpaka nimekuwa mtu mwenye fedha ambaye hakuna atakayemwuliza habari za Kidato cha Pili. Nalijaribu kuomba, lakini maombi yangu yalikuwa ya ajabu: nalimwomba Mungu ayabadilishe matokeo. Usiku wa manane nalitia nguo katika mfuko, nikafungua mlango polepole.

Baba alikuwa ameketi nje juu ya kigoda.

Hakuutazama mfuko. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sikula. Akainuka mwenyewe, Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akipakua chakula, akaingia jikoni akaniletea ndizi zilizobaki, za baridi, na kikombe cha maji. Nalikula huku machozi yakinitoka, naye alikaa kimya kando yangu kama kwamba hanioni. Nilipomaliza akasema, "Kesho nina kazi kwa jirani. Nataka mtu wa kunishikia timazi. Kalale."

Asubuhi twalikwenda. Ukuta wa jirani ulikuwa umeanzwa na fundi mwingine aliyeuacha njiani. Baba aliniambia nipande juu nishike uzi, timazi ikaning'inia mpaka chini. Twaliona kwamba kozi nne za chini zimenyooka, na kuanzia ya tano ukuta unaanza kuinamia nje kidogo kidogo; mtu asiye na timazi asingetambua. Mwenye nyumba akasema, "Si tuendelee tu, tuunyooshe kwa lipu?" Baba akajibu, "Hapana. Lipu huficha, hainyoshi. Ukuta uliopinda hautukanwi wala hauachwi. Unabomolewa mpaka pale uliponyooka mara ya mwisho, na hapo ndipo unapoanzia." Maneno hayo alimwambia mwenye nyumba, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Twalibomoa mpaka kozi ya nne. Saa nne mdogo wangu alituletea chai katika chupa. Sasa alikuwa msichana wa shule, na mguu wake, kwa kuwa haukuungana sawasawa, ulimfanya achechemee. Kutoka nyumbani mpaka pale ni mwendo wa robo saa, na kwake ni zaidi. Naliona Baba akimtazama anavyokuja, hatua kwa hatua, kisha akaokota mwiko akaendelea na kazi. Ndipo nalipofahamu kwamba Baba alikuwa akiliona anguko lake kila siku ya Mungu likimletea chai, wala halikumzuia kujenga. Naliona haya kwa ajili ya mfuko wangu wa nguo.

Nalirudi shuleni, nikarudia Kidato cha Pili. Sitaki kusema ilikuwa rahisi. Wale niliokuwa mbele yao walinikuta, na baadhi yao waliniita Mkongwe, na jina hilo halijaisha kabisa hata sasa. Nalitafuta kozi yangu ya nne. Katika Hesabu nalikuta kwamba nimepinda tangu sehemu za darasa la tano. Nalinunua kitabu cha shule ya msingi, nikakifunika kwa gazeti ili wenzangu wasikione, nikaanza hapo.

Katika mikutano yetu ya UKWATA nalianza kusikiliza Maandiko kwa masikio mengine. Siku moja yalisomwa masimulizi ya nabii Eliya, jinsi alivyokimbilia jangwani, akakaa chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika alimjia, na jambo la kwanza hakumkemea wala hakumweleza. Alimwonyesha mkate uliookwa na gudulia la maji, akamwambia ale. Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena. Kisha akatembea safari ndefu, na mwisho wake Mungu akampa kazi ya kufanya. Siku nyingine zikasomwa habari za Petro. Yeye alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu mbele ya jogoo kuwika. Baada ya kufufuka, Yesu alimkuta kando ya ziwa, alfajiri, amevua usiku kucha bila kupata kitu. Palikuwa na moto wa makaa, na samaki, na mkate. Akawalisha kwanza. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza Petro, mara tatu, kama anampenda, na kila mara akamkabidhi kazi ya kuchunga kondoo.

Nalishangaa, maana nalikuwa nimeyaona yote mawili kwetu. Akina mama na mafiga yao, kisha mwinjilisti na swali lake la ukuta. Baba na ndizi za baridi, kisha timazi. Viazi viwili vya Bibi, kisha jembe. Tangu hapo naamini kwamba hii ndiyo njia ya Mungu ya kumwinua mtu aliyeanguka: humpa chakula, kisha humpa kazi. Mara nyingi chakula hicho na kazi hiyo huja kwa mikono ya watu, na baadhi yao hawajui kabisa kwamba wametumwa.

Nisieleweke vibaya. Imani haikuturudishia tulivyopoteza. Mdogo wangu anachechemea hadi leo, na tumemwombea sana. Mwaka nilioupoteza haurudi. Baba, usiku wa mvua kubwa na radi, huamka akaenda kupapasa ukuta wa chumba cha watoto, ingawa una lenta yenye nondo nne. Kwa nini tetemeko liliuangusha ukuta ule na kuacha mwingine, sijui, na nimeacha kuuliza. Lakini naliona watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja kwa wakati wake, wakiwa wamekaa chini hawana nia ya kuinuka, nao wakainuka. Sina jina jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa neema.

Mtihani wa Kidato cha Nne nalifaulu kwa daraja la pili, nikachaguliwa kuja Kidato cha Tano katika shule hii. Si ushindi wa kupigiwa ngoma, lakini ukuta umenyooka, nami najua ulivyonyooka.

Kabla sijaweka kalamu chini, naomba ruhusa niseme maneno machache. Kwenu wanafunzi wenzangu: atakayeanguka mtihani muhula huu asikimbie usiku. Ale kwanza, alale, kisha atafute kozi yake ya nne, hata ikiwa iko katika kitabu cha shule ya msingi. Na ambaye hajaanguka asimwite mwenzake majina. Ampelekee daftari lake. Kwenu walimu wetu: mwanafunzi aliyeshindwa anajua kwamba ameshindwa. Mpeni kazi ndogo anayoiweza, hata kama ni kufuta ubao au kugawa vitabu, mtamwona akiinua kichwa. Kwenu wazazi: najua ada, nauli na madaftari mnavipata kwa jasho, na hasira yenu ni ya haki. Lakini usiku ule Baba angalinikaripia, leo ningalikuwa kisiwani, wala makala haya yasingaliandikwa. Aliniuliza kama nimekula.

Likizo ijayo nitakwenda nyumbani. Baba ameniandikia kwamba wanaongeza chumba cha shule ya Jumapili nyuma ya kanisa, na kwamba anahitaji mtu wa kumshikia timazi. Mdogo wangu naye ameongeza chini ya barua, kwa mwandiko wake mkubwa, kwamba chai ataleta yeye.